Ile Yenye Ndama

Wiki iliyopita nilipita Levolosi, nikasikia magitaa.

Sikuwa na shughuli huko. Nilikuwa natoka Akheri kwenye kikao cha ukoo, kichwa kinauma, viatu vina tope, nikaona nitembee Arusha mjini kidogo kabla ya kwenda zangu. Kumbe miguu ina mambo yake. Ikanipeleka mpaka mtaa ule niliosomea, kwenye kibaraza cha fundi cherehani, na hapo hapo, katika duka la simu la jirani, mtu akafungulia wimbo. Ungeusikia wewe, rafiki yangu, ungesema ni kelele za Wazungu tu, magitaa mawili yanagombana na ngoma inaamua ugomvi. Mimi nilishika nguzo ya kibaraza. Ngoja nikueleze kwa nini, halafu tutarudi hapo kibarazani, maana wimbo wenyewe ni mrefu na ule mstari wake uko katikati.

Mimi ni mtoto wa Akheri, chini ya Mlima Meru, kule kwenye migomba. Alinilea bibi, mama yake baba. Nyumba yake ilikuwa ya mbao, mbele kahawa, nyuma zizi la ng'ombe mmoja. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka mlangoni, ukitoka nje huoni hata jiko, unasikia tu maji ya mfereji yanapita yakijisemea. Harufu ya kwanza niliyoijua duniani ni moshi wa kuni na maziwa yanayochemka. Tulikula mtori wa ndizi, tulikula loshoro, yale makande yaliyopondwa na maziwa ya mgando, na bibi akinipakulia alikuwa anasema mtoto asiyeshiba hasikii la mtu. Kazi yangu kubwa ilikuwa ndama. Kabla bibi hajakamua, nimfunge ndama mbali na mama yake, la sivyo ananyonya yote na sisi tunakunywa chai ya rangi. Na mimi nilikuwa msahaulifu, sikufichi. Chai ya rangi tumeinywa sana.

Zikaja enzi za ruksa. Wewe unazikumbuka? Sabuni iliyokuwa inapangiwa foleni ikajaa madukani mpaka ukachagua rangi. Ikaja mitumba, zikaja peremende za kila namna. Lakini kahawa, ile kahawa ya bibi, bei ikaporomoka, wanunuzi wapya wakaja na maneno matamu, wakaenda. Bibi akakaa msimu mmoja anaitazama miti yake. Msimu wa pili akasema, "Hii haitakusomesha." Akafunga nguo zangu kwenye kanga, akanipeleka Levolosi kwa shangazi. Nilikuwa darasa la nne.

Shangazi alikuwa anauza mitumba mbele ya nyumba. Mtu mwema, ila hakuwa na muda wa machozi. Watoto wa mtaa ule, jamani, walikuwa na ulimi! Walinicheka nilivyosema, walinicheka nilivyoshangaa bomba la maji. Wakaniita Migombani. "Migombani, kwenu kuna taa?" "Migombani, kwenu kuna redio?" Nikisema ipo, wanasema mwongo. Na kweli ilikuwepo, redio kaseti kubwa aliyoinunua bibi msimu wa mwisho wa kahawa iliyolipa, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Jioni nilikuwa napanda juu ya tofali nyuma ya choo, nautazama Mlima Meru, natafuta upande wa Akheri uko wapi. Hauonekani. Mawingu tu.

Mbele ya meza ya shangazi, ng'ambo ya njia, palikuwa na duka la kaseti. Mwenye duka alikuwa kijana mrefu, mkimya, anavaa koti la jinzi hata jua likiwaka. Zamani aliosha magari ya watalii, na kaseti zake za kwanza alipewa na watalii. Wateja walitaka taarabu na nyimbo za Kongo, aliwarekodia, ndizo zilizompa ugali. Lakini wateja wakipungua, aliweka roki. Aliipenda kama mtu anavyopenda ugonjwa wake. Na wimbo alioupenda kuliko zote alikuwa ameudaka kutoka redio ya Nairobi, kwa waya alioupandisha juu ya bati. Mwanzoni mtangazaji anaongea, mwishoni mtangazaji anaukata, na katikati, pale penye mstari wenyewe, gitaa linapiga kelele likafunika neno la kwanza.

Siku ya kwanza niliyousikia nilikuwa nakunja mashati ya shangazi. Gitaa likapiga kelele, na yule Mzungu kwa sauti ya kukwaruza, kama mtu aliyeamka sasa hivi, akaimba: "Akeri, mai homu."

Nilidondosha shati.

Sisi kwetu tunatamka Akeri, hiyo h ni ya kwenye maandishi tu. Na mai homu hata mtoto wa darasa la tatu aliijua: nyumbani kwangu. Akheri, nyumbani kwangu! Nilivuka njia mbio nikamwambia mwenye duka, "Kaka, huyu anaimba kwetu!" Hakunicheka. Alirudisha kaseti nyuma, akaweka sikio, akarudisha tena. Akasema, "Inawezekana."

Fundi cherehani naye alikuwa pale pale, kibaraza chake kinapakana na duka, miguu kwenye pedeli. Huyu ni mtu wa ukoo uliotoka Pangani miaka hiyo, Kiswahili chake kimenyooka kama pasi zake. "Laa, mwanangu," akasema. "Sikiliza vizuri. Anasema Akhera. Akhera, nyumbani kwangu. Huyo bwana keshachoka na dunia. Hata Mzungu anajua kwamba hapa tunapita tu." Na ile kh ilimkwaruza kooni kabisa, mpaka ukaona ndiyo kweli yenyewe.

Basi wangeishia hapo wangenisumbua kidogo tu. Lakini akaja mwalimu wetu wa Kiingereza kufuata suruali yake. Alisikiliza mara moja, akatoa chaki mfukoni, akaandika kwenye mlango wa duka kama yuko darasani. "Ai keri. Ni kitendo. Maana yake nabeba. Nabeba nyumbani kwangu."

"Nani anabeba nyumba, mwalimu?" fundi akamuuliza. "Konokono?"

Mtaa mzima ulicheka, na mwalimu hakupenda. Tangu siku hiyo ikawa vita. Kila jioni kibarazani ni Akheri, Akhera, ai keri. Wapita njia walisimamishwa wasikilize watoe hukumu. Muuza maziwa alisema Akhera. Mama wa maandazi alisema yeye anasikia "hakeri", yaani huyo mtu hakeri. Kaseti ilirudishwa nyuma mpaka utepe ukaanza kukunjamana, na mwenye duka akawa anausokota kwa kalamu taratibu huku anauma mdomo.

Wewe unaweza kuona ni mchezo. Kwangu haukuwa mchezo hata kidogo. Watoto wa mtaa walishasema, mwalimu akishinda, basi mimi ni mshamba na mwongo pia. Hilo liliuma, lakini lililonichoma zaidi ni jingine. Nilikuwa nimeanza kuona kwamba Akheri haipo. Mtu akitaja Moshi watu wanaijua, akitaja Usa River wanaijua, lakini nikitaja Akheri wananitazama tu. Nililala na wazo kwamba kama mtu wa mbali vile, mwenye gitaa, anaijua Akheri mpaka anaililia, basi ipo, na bibi yupo, na mimi nitarudi. Nilihitaji neno lile liwe Akheri kama mtu anavyohitaji blanketi.

Mwezi wa saba, Levolosi ina baridi ya kukunja vidole, dereva wa lori akaleta kaseti kutoka Nairobi. Wimbo ule ule, lakini mrefu, uliorekodiwa ukumbini mbele ya watu. Dereva alisema kwamba pale katikati magitaa yote yananyamaza, ngoma inanyamaza, na yule bwana anaimba ule mstari peke yake. Peke yake! Yaani neno litakuwa wazi kama yai lililomenywa. Tatizo, ulikuwa wakati wa mgao wa umeme, mtaa wetu ulikuwa gizani wiki nzima, na redio ya mwenye duka haikutumia betri.

Nikasema, "Bibi ana redio ya betri."

Wote wakanigeukia. Wakapanga pale pale: Jumamosi niende Akheri, Jumapili nirudi na redio, tusikilize wote. Na mimi nikaomba kaseti, nikasema nataka kuijaribu, redio ya bibi isije ikaitafuna. Mwenye duka alifikiri sana. Mwisho akaifunga kwenye leso akanipa. "Mwanzo tu," akasema. "Katikati ni Jumapili, ya wote." Nikaapa.

Niliapa huku najua naongopa. Nilitaka kulisikia peke yangu kwanza, ili kama nimeshindwa, nilie huko huko migombani asinione mtu.

Jumamosi ile bibi alinipokea kama nimetoka Ulaya. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mbona umekonda hivyo?" Sikuwa nimekonda, lakini alinipa loshoro bakuli mbili. Alasiri akaniambia nimfunge ndama, anakwenda kukata migomba ya kumlisha ng'ombe. Nikaitika ndiyo. Nikaingia ndani, nikaondoa kile kitambaa cheupe, nikaweka kaseti.

Magitaa yakajaa nyumba ya mbao. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile, naapa. Jua la jioni lilikuwa linaingia kwenye nyufa za ubao, vumbi linaelea, na watu wa ukumbi ule wa mbali wanapiga makofi humo humo chumbani kwa bibi. Nikajisemea, nitazima kabla ya katikati. Sikuzima. Magitaa yakanyamaza. Ngoma ikanyamaza. Nikasikia yule bwana anavuta pumzi, na hapo nikamwona mwenye duka na leso yake, aibu ikanishika, nikarusha kidole kuzima.

Kidole kikabonyeza kitufe chekundu, kile cha kurekodia.

Redio ikawa kimya, nami nikadhani nimezima. Nikashangaa mbona kaseti bado inazunguka. Ndipo sauti ya bibi ikapasuka kutoka zizini:

"Mfunge ndama, maziwa yanaisha!"

"Naam, bibi!" nikajibu, nikashtuka, nikazima kweli. Nikakimbia. Ndama alikuwa amenyonya mpaka povu limemjaa mdomoni, ananitazama bila haya.

Niliporudi ndani na kurudisha kaseti nyuma, nilisikia hivi: magitaa yananyamaza, ngoma inanyamaza, bwana anavuta pumzi, halafu bibi, kwa sauti kubwa, "Mfunge ndama, maziwa yanaisha!" Halafu mimi, "Naam, bibi!" Halafu magitaa yote yanaingia kwa pamoja na ukumbi mzima unapiga makofi na vigelegele, kana kwamba wamekuja kumsikiliza yeye. Ule mstari haukuwepo tena. Nilikuwa nimeufuta, ndio uliokuwa mmoja tu Arusha nzima.

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Bibi alikuja na mikono ina utomvu wa migomba, akataka asikilize. Aliposikia sauti yake aliziba mdomo. "Mimi huyo? Mbona kama nagomba?" Akataka arudiwe. Nikamweleza yote, mpaka kiapo. Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Lakini aliyemwaga aseme. Nenda kaseme kwa mdomo wako."

Sikusema. Nitakudanganya nini sasa? Jumapili nilifika na redio kwenye kikapu, kibaraza kimejaa, mwalimu amevaa tai, shangazi ameacha mitumba yake, na ulimi wangu ukagoma. Nilitazama tu mwenye duka akiweka kaseti. Magitaa yakalia. Watu wakafumba macho. Yakanyamaza. Bwana akavuta pumzi.

"Mfunge ndama, maziwa yanaisha!" "Naam, bibi!"

Makofi ya ukumbini yakaisha. Kisha fundi akamgeukia mwalimu polepole. "Haya, mwalimu. Na hicho nacho ni Kiingereza?"

Weee! Walicheka mpaka mama wa maandazi akakaa chini. Fundi alifuta macho kwa kitambaa cha mteja. Mwenye duka peke yake hakucheka. Alinitazama. "Nilisema mwanzo tu," akasema, taratibu vile vile alivyokuwa akisema kila kitu. Ningepigwa isingeniuma hivyo. Nikasema, "Ni bibi yangu. Nilikuwa nataka iwe Akheri." Sauti ilinitoka ndogo, lakini wote waliisikia, na kicheko kikapungua.

Mwenye duka alitoa kaseti, akaigeuza mkononi. Mgongoni mwa kaseti, unakumbuka, kulikuwa na vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, hakuna redio inayoweza kurekodi juu yake tena. Alitoa bisibisi mfukoni akavivunja, kimoja, kingine, vikaanguka sakafuni.

"Basi," akasema. "Huyo bibi yako hafutiki tena."

Na fundi, akiwa amerudi kwenye cherehani yake, akatoa hukumu. "Mwanangu, mimi nimeshindwa, na mwalimu ameshindwa. Akheri imeingia kwenye wimbo. Imeingilia mlango wa zizi, lakini imeingia."

Hakuna aliyeniita Migombani tena. Walianza kuniita Naam Bibi, ambayo ni nafuu.

Umeme uliporudi, watu wakaja kutaka warekodiwe. Mwenye duka akiuliza, "Ipi, ya redio au yenye ndama?" wanasema yenye ndama. Ikatoka Levolosi ikaenda Kaloleni, ikaenda Ngarenaro, nakala ya nakala ya nakala, bibi anazidi kufifia na kukwaruza. Nilimkuta mtu wa mtaa wa Unga Limited anabisha mpaka mishipa imemtoka kwamba maneno yale anayasema yule Mzungu mwenyewe. Nilimwacha abishe. Bibi nilipomwambia kwamba anapigwa mjini kote alisema, "Nao wamefunga ndama zao?"

Sasa hayo yote hayapo. Kahawa bibi aliing'oa mwenyewe, akapanda nyanya. Mwenye duka wa kaseti alihamia mbali zilipokuja CD, sijui kama yu hai. Nakala yangu ilitafunwa na redio ya rafiki nilipokuwa sekondari, na nilikuwa mjinga wa ujana, nikaitupa nikadhani nitapata nyingine. Bibi alipofariki ndipo nilipogundua kwamba sina sauti yake mahali popote. Picha ninazo mbili. Sauti, hakuna. Nimeuliza watu, nimepekua masanduku ya wageni kabisa. Hakuna. Na wiki iliyopita kikao cha ukoo kiliamua nyumba ya mbao ivunjwe, imeliwa na mchwa. Nilikubali, nifanyeje? Nikaombwa nichague kitu. Nikachukua kile kitambaa cha redio, nikakitia kwenye mkoba.

Basi ndiyo hivyo nilivyosimama kibarazani nimeshika nguzo. Fundi alikuwa pale pale, mvi kichwa kizima, miwani mizito, miguu kwenye pedeli. Nilimwamkia, "Shikamoo, fundi," akajibu "Marahaba, mwanangu," bila kuinua kichwa, kama anavyomjibu mpita njia yeyote. Hakunitambua. Na wimbo ulikuwa ule mrefu, wa ukumbini. Sikuwa nimeusikia mzima maishani mwangu. Magitaa yakanyamaza. Ngoma ikanyamaza. Yule bwana akavuta pumzi, na kutoka kwenye simu ile, safi kabisa, bila mkwaruzo wowote, akaimba ule mstari peke yake. Ai keri mai homu. Mwalimu alikuwa sahihi miaka yote ile. Neno liko wazi, mtoto angelisikia, na mimi nikaubana mkoba wenye kile kitambaa, maana bibi hakuwepo. Walikuwa wamemfuta.

Lakini juu ya sauti ile ile, fundi, macho yakiwa kwenye sindano, miguu haijasimama, kwa mahadhi yenyewe na pale pale panapotakiwa, akapaza sauti kama mtu asiyejua kwamba anaimba:

"Mfunge ndama, maziwa yanaisha!"

Na mimi, mtu mzima, mama wa watoto watatu, katikati ya Levolosi mchana kweupe, nikaitika kwa sauti:

"Naam, bibi!"

Cherehani ikasimama. Fundi akainua kichwa. Magitaa yakaingia.